Namna ya Kuchagua Chuo cha Kukuandaa kwa Kazi Ukiwa Mjini, na Kufika Siku ya Kuhitimu

Watu wengi wanaotafuta chuo cha kuwaandaa kwa kazi huanza na jina la kozi: uuguzi, uhasibu, umeme, kompyuta. Mimi ninashauri uanze na saa zako za wiki. Katika miji mikubwa, darasa moja la chuo cha aina hii huweza kuwakusanya kijana aliyemaliza sekondari juzi, mama mwenye watoto wadogo, mhamiaji ambaye lugha ya kufundishia ni ya tatu kwake, na mtu wa makamo aliyepunguzwa kazini. Anayeacha masomo katika darasa hilo mara nyingi si yule aliyeshindwa kuelewa, bali ni yule ambaye zamu yake iligongana na kipindi, au ambaye nauli ilimwishia kabla ya mwezi kwisha.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika siku saba za wiki, kisha utoe saa za kazi, za usafiri, za malezi na za usingizi. Zinazobaki ndizo mtaji wako. Kadirio linalotumika katika vyuo vingi ni kwamba kila saa moja ya darasani hudai takriban saa mbili za kujisomea, hivyo vipindi vya saa 12 kwa wiki ni kazi ya saa 36. Ukijikuta una saa 20 pekee, punguza idadi ya masomo tangu mwanzo, kwa maana kufeli masomo manne kunagharimu kuliko kufaulu mawili. Kisha uombe chuo kikuonyeshe ratiba ya muhula wa mwisho wa kozi, si ya ule wa kwanza tu. Kozi huweza kutangazwa kuwa ya jioni, na mwanafunzi akagundua mwaka wa pili kwamba somo moja la lazima hufundishwa saa nne asubuhi, wakati yeye yuko kazini.

Hatua inayofuata ni kuhakiki ithibati, yaani utambuzi rasmi wa chuo na wa kozi, na hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali, lakini kozi yake isitambuliwe na bodi inayotoa leseni ya taaluma husika. Kwa kazi za afya, umeme, ualimu na nyingine zenye leseni, wasiliana na bodi yenyewe, uulize kama wahitimu wa kozi hiyo wanaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Kama wewe ni mhamiaji, uliza pia kuhusu hati za ukaazi zinazotakiwa, kabla hujalipa ada.

Ukiwa umewahi kusoma au kufanya kazi kwingine, usikubali kuanza upya bila kuuliza. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuhamisha krediti (alama za masomo uliyokwisha kufaulu) au kupima ujuzi uliopatikana kazini, ila ni nadra mtu kukutangazia. Peleka matokeo ya zamani, mihtasari ya masomo na barua za waajiri, na udai uamuzi kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye mafunzo kazini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kipimo kikubwa cha chuo cha taaluma. Mwaka 1906, Herman Schneider alianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupishana kati ya darasa na kiwanda, kwa sababu aliamini kwamba kuna mambo ya kazi ambayo darasa haliwezi kuyafundisha. Wazo hilo limeenea, lakini ubora wake hutofautiana mno. Swali la kuuliza ni hili: nani hutafuta nafasi hizo, chuo au mwanafunzi? Chuo kinachomwachia mwanafunzi ajitafutie kinawapendelea, hata bila kukusudia, wale wenye mjomba au rafiki wa familia ofisini, na kinamwacha nyuma binti ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo. Uliza pia kama nafasi hizo zina malipo, kwa kuwa anayelipa kodi ya nyumba hawezi kufanya kazi ya bure miezi mitatu.

Msaada wa masomo nao unastahili kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya miaka miwili: mwanafunzi husoma kwa muda wote, hupewa mshauri anayeshughulikia wanafunzi wachache, hulipiwa sehemu ya ada isiyofikiwa na misaada mingine, na husaidiwa vitabu na nauli. Watafiti walipolinganisha makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, waligundua kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Wanafunzi walikuwa wa aina ileile. Kilichotofautiana ni mazingira waliyowekewa. Tafuta basi chuo chenye mshauri atakayekujua kwa jina.

Unapoonyeshwa takwimu za ajira, uliza ni asilimia ya nani. Tuseme wanafunzi 100 walianza, 30 wakahitimu, na 27 kati yao wakapata kazi. Chuo kinaweza kutangaza kwa haki kabisa kwamba asilimia 90 ya wahitimu wake wameajiriwa, huku 70 walioishia njiani hawatajwi popote. Uliza pia kama kazi hizo ni za taaluma waliyosomea.

Kuhusu lugha nina neno fupi: pendelea kozi inayofundisha lugha sambamba na ufundi, ili msamiati wa wodini au wa karakana uupate palepale unapojifunza kazi.

Ukishadahiliwa, onana na mshauri wako wiki ya kwanza, kabla ya tatizo lolote, na umweleze zamu zako na wanaokutegemea. Na ikitokea kwamba huna budi kusimama, usitoweke kimyakimya, kwani anayetoweka huenda akaandikiwa kufeli na kuendelea kudaiwa ada. Jaza fomu ya kuahirisha masomo ndani ya muda uliowekwa, chukua nakala ya matokeo uliyokwisha kuyapata, na uthibitishiwe kwa maandishi muhula ambao nafasi yako itakuwa ikikungojea.