SOMO: Kumzoesha paka kimlango chake, hasa nyumba zenye milango ya wavu

Wengi mnalalamika kwamba paka kachana wavu wa mlango wa jikoni. Si ukorofi. Ametafuta njia ya kupita akaikosa, akaamua kujitengenezea. Dawa ni kumwekea kimlango chake chini ya mlango, kisha kumzoesha kukitumia. Kukiweka ni kazi ya fundi ya asubuhi moja. Kwenye kumzoesha ndipo watu wanapokwama, na sababu karibu ni ileile kila nyumba: kimlango kinapachikwa kikiwa kamili, kibao cha kusukuma kinaning'inia tunduni, sumaku ya kukibana imeshika, halafu paka anabebwa na kusukumwa kichwa ili apite. Hapo umemfundisha kukikimbia.

Paka haogopi tundu. Acha boksi tupu sebuleni uone kama utamkaribisha. Anachoogopa ni kitu kinachomgusa usoni akipita na kumfuata mgongoni. Kwa hiyo tundu anapewa siku ya kwanza, kibao anapewa kidogo kidogo.

VIPIMO NA VIFAA

Usikate kwa kukadiria. Paka wa kawaida anatoshwa na tundu la upana wa sm 15 au 16 na kimo cha sm 18. Dume kubwa mpe sm 20. Ukingo wa chini wa tundu ulingane na tumbo lake akiwa amesimama, yaani kama sm 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Pimeni na upande wa nje, maana jikoni nyingi zina ngazi: ndani ni sm 12, nje unakuta ni 30. Weka tofali huko nje.

Kwenye mlango wa wavu, usitoboe wavu wenyewe, utaendelea kuchanika. Fundi apigilie kipande cha plaiwudi chini ya fremu, tundu likatwe humo, na kingo zipigwe msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kibao kiwe cha plastiki ngumu, nyepesi, inayoonyesha upande wa pili. Bati achaneni nalo, linakata na linapiga kelele.

Sasa bawaba. Bawaba ya kawaida inafunguka upande mmoja tu. Mafundi wengi huifunga hiyohiyo, paka anatoka vizuri halafu kurudi hawezi. Mwambie atumie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli: upande mmoja apigilie kwenye plaiwudi, mwingine kwenye kibao. Kinabembea ndani na nje, na hakina mlio.

Na tafadhali, msizibe mapengo kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Baadhi ya vyandarua vina permethrin, na hiyo ni sumu kwa paka, ini lake haliimudu kama letu. Akijisugua hapo kila siku kisha akajilamba, unatafuta matatizo.

HATUA

1. Tundu tupu. Kibao bado kiko kabatini. Mfanyie zoezi kabla ya mlo wake, akiwa na njaa kidogo. Kaa upande wa pili na dagaa wachache, mwite mara moja, nyamaza. Akipita, mpe. Dakika tano zinatosha, kisha rudieni jioni. Usiku zibeni tundu kwa ubao, mbu wa malaria ndio saa zake. Msikae wiki nyingi kwenye hatua hii, kwa sababu mbu wa dengue yeye anauma mchana.

2. Kitambaa. Hatua hii wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Ning'iniza kipande cha kanga kuukuu juu ya tundu, kifike robo tu. Kesho kishushe hadi nusu, halafu chote. Anajifunza kuguswa usoni na kitu kisicho na uzito.

3. Kibao kikiwa juu. Kipachike, ukikishikilia wazi kabisa kwa kamba au kibanio cha nguo. Akizoea, kishushe kiasi kwamba lazima akiguse kwa kisogo anapopita. Akigoma, rudi nyuma hatua moja bila maneno mengi.

4. Kibao chini. Hapa mtazameni vizuri. Kwanza atakipiga kwa mkono, kibembee, arudi nyuma. Atanusa ukingo wa chini. Masikio yakiwa mbele, mwache afikiri. Yakilala nyuma na mkia ukivimba, funga somo kwa leo. Baadaye ataweka paji la uso, atasukuma, kisha atasimama katikati, kibao kikiwa kimemlalia mgongoni. Ni wakati huo kila mtu anataka kumvuta. Msimguse. Akikosa ujasiri, inua ukingo kwa kidole kimoja ili harufu ya dagaa imfikie.

5. Sumaku mwisho kabisa. Ule mlio wa "tak" unapoachia huwashtua hata waliokwisha kuzoea.

Kurudi ndani ni somo jingine, lifundisheni kivyake kuanzia hatua ya pili. Wapo paka wanaomaliza yote kwa siku mbili, wapo wa mwezi mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Dada, wangu anatoka bila shida, ila usiku anakaa nje ya mlango analia mpaka nimfungulie.
Jibu: Angalia bawaba na kimo cha nje kwanza. Vikiwa sawa, basi yeye ndiye aliyekuzoesha wewe. Usifungue mlango mkubwa. Chuchumaa ndani, inua kibao kidogo, mwoneshe chakula.

Mombasa: Kuna paka shume anaingia nyuma ya wangu, anamaliza chakula na kukojolea kuta. Nifanyeje?
Jibu: Ondoa chakula karibu na mlango, na wako mhasi kama bado. Vipo vimlango vinavyosoma chipu ya tarakimu 15 iliyowekwa chini ya ngozi ya paka, vinamfungulia mwenyewe tu. Vinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika havina habari. Bei yake ndiyo inayokimbiza watu.

Kibaha: Nyoka je?
Jibu: Tundu ni tundu, siwezi kukudanganya. Weka komeo. Mpe paka chakula chake kikubwa magharibi, akiingia tu, funga hadi asubuhi. Kata na majani ya uani, maana panya wakijificha hapo nyoka anawafuata.

Unguja: Mume wangu asema kutoboa mlango wa mbao ni uharibifu. Nimjibu nini?
Jibu: Mwambie kanisa kuu la Exeter, Uingereza, lina tundu la duara chini ya mlango wa zamani wa saa yao, kwa ajili ya paka wa kukamata panya. Kumbukumbu zao za karne ya 14 zinaonyesha hata paka alitengewa senti zake za posho. Asipokubali, tumia plaiwudi ya mlango wa wavu, ule wa mbao auache.

Arusha: Kitoto cha miezi miwili kinaweza kuanza?
Jibu: Mchezo wa tundu na kitambaa ndani ya nyumba, sawa. Kutoka nje hapana. Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha kumhasi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu.

Nakuru: Niko na wawili. Mmoja ameshika haraka, mwingine anakataa.
Jibu: Mwache aliyeshika apite mbele ya mwenzake akala dagaa, paka huiga. Ila chunguza kama yule hodari halali mbele ya kimlango kumzuia mwenzake. Ikiwa hivyo, wafundishe kwa zamu, mmoja akiwa chumbani.

Tumehamia nyumba mpya, kimlango kipo tayari. Nimwachie lini?
Jibu: Kifungeni wiki mbili hadi tatu mpaka ajue hapo ndipo anapokula na kulala. Mkimwachia siku ya pili, atarudi mlikotoka.

Morogoro: Analeta panya mzima hadi kitandani!
Jibu: Kwa hilo hakuna somo. Fungeni alfajiri na jioni, ndizo saa zake za kuwinda. Muhimu zaidi, waulizeni majirani kama wanatega sumu, kwani paka hudhurika kwa kula panya aliyekula sumu hiyo. Ukiona amelegea, fizi zimepauka au anatoka damu puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na pakiti ya sumu ubebe kama mnaweza kuipata.