Kusoma uvimbe adimu wa kongosho kwa ultrasaundi ya endoskopi yenye kontrasti

Uvimbe mgumu wa kongosho mara nyingi huwa adenokasinoma (saratani ya kawaida ya kongosho), nayo hupokea dawa ya kontrasti, yaani viputo vidogo vya gesi vinavyong'aa kwenye picha, kidogo kuliko tishu iliyo jirani. Ukiona uvimbe unaong'aa, fikiria kitu kingine.

1. Mgonjwa. Uliza kuhusu mzio wa SonoVue (dawa yenyewe ya kontrasti) au makrogoli (kiambato chake), na shinikizo kali la mishipa ya mapafu. Kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) si kizuizi, maana gesi ya dawa hutoka kwa pumzi. Weka kanyula ya geji 20 au pana zaidi kwenye mshipa wa kiwiko. Viputo hupasuka vikisukumwa kwa nguvu kwenye tundu dogo. Dawa za dharura za mzio ziwe mezani.

2. Dawa. Tia ml 5 za maji ya chumvi ya 0.9% kwenye kichupa, utikise kwa nguvu sekunde 20 hadi kiwe cheupe kama maziwa. Kikikaa, viputo huelea juu, kwa hiyo kitikise tena kabla ya kuvuta.

3. Picha. Uvimbe na kongosho lenye afya vionekane pamoja katika fremu moja. Bila tishu ya kulinganisha, neno "unang'aa" halina maana. Washa hamoniki (hali ya picha inayonasa mwangwi wa viputo) na skrini pacha, ushushe MI (kipimo cha nguvu ya mawimbi ya sauti) chini ya 0.3. Ikiwa juu, viputo hupasuka na utadhani uvimbe hauna damu.

4. Sindano. Ingiza ml 4.8 kwa mkupuo, fuatisha ml 10 za maji ya chumvi, uwashe saa na video papo hapo. Usisogeze skopu. Sekunde 10–30 ni za ateri, 30–120 za vena. Ukikosa dirisha la kwanza, umekosa karibu kila kitu.

5. Kusoma. Uvimbe wa nyurendokrini (wa seli zinazotengeneza homoni) hung'aa mapema na kwa nguvu. Saratani ya figo iliyosambaa hufanya vilevile, hivyo uliza kama mgonjwa aliwahi kutolewa figo, hata miaka mingi nyuma. Bandama ya ziada, hasa mkiani mwa kongosho, hubaki inang'aa kwa dakika kadhaa. Ilinganishe na bandama yenyewe. Kwa mwanamke kijana, ukingo unaong'aa kuzunguka kiini chenye mabaka huashiria uvimbe wa solidi-sudopapilari.

6. Biopsi. Kontrasti haiwi mbadala wa sindano ya kuchukua tishu, huielekeza tu. Choma sehemu inayong'aa. Doa jeusi kwa kawaida ni tishu iliyokufa. Kwenye fomu ya maabara taja unachoshuku, ili waandae rangi sahihi: sinaptofizini na kromogranini kwa nyurendokrini, beta-katenini kwa solidi-sudopapilari, CD8 kwa bandama.