Namna ya Kupika Double ka Meetha, Kitamutamu cha Mkate cha Hyderabad

Katika mji wa Hyderabad, nchini India, mkate ulioumuliwa kwa hamira huitwa "double roti", kwa kuwa huumuka ukaonekana kama umeongezeka maradufu, na neno "meetha" maana yake ni tamu. Kitamutamu hiki huandaliwa katika karamu za arusi na siku za Idi. Kinafanana sana na shahi tukda ya kaskazini, yaani "kipande cha kifalme", isipokuwa huko slesi hubaki nzima na maziwa mazito humwagiwa juu yake, ilhali Hyderabad mkate hupikwa ndani ya shira na maziwa mpaka ukalainika. Hatua zenyewe si ngumu. Kinachowashinda wengi ni mkate, kwani usipokauka barabara hunywa shira ukageuka uji, kama ulivyonigeukia mimi mara ya kwanza nilipotumia mkate uliotoka dukani asubuhi ile ile.

Kwa watu sita, tayarisha slesi 8 za mkate mweupe wa jana, lita 1 ya maziwa yasiyotolewa mafuta, gramu 200 za sukari, mililita 200 za maji, iliki 6 zilizotwangwa, nyuzi chache za zafarani, konzi moja ya lozi na korosho, na samli ya kukaangia. Mafuta ya kupikia yatakaanga mkate vilevile, lakini harufu ya samli ndiyo nusu ya ladha ya chakula hiki, nami sioni sababu ya kuibania.

Anza na maziwa, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda mrefu. Yachemshe katika sufuria pana yenye kitako kizito, kisha punguza moto. Kila utando unapojitanda juu, usukume kwa mwiko hadi ukingoni, na ule unaoganda kwenye kuta za sufuria ukwangue na kuurudisha ndani, kwani chembechembe hizo ndizo zinazoyapa maziwa uzito na utamu wake. Baada ya takriban dakika 45 yatakuwa yamebaki thuluthi moja, nayo yatakuwa na rangi ya krimu. Chukua vijiko viwili vya maziwa hayo yakiwa ya moto uloweke zafarani.

Wakati maziwa yakiendelea, kata kingo za mkate, kata kila slesi mara mbili kwa mshazari, kisha vianike vipande juani au uvitie katika oveni yenye moto mdogo mpaka viwe vikavu hadi ndani. Kipande kilicho tayari ukikigonga kwa ukucha hutoa mlio mkavu kama wa biskuti. Vikaange vichache vichache katika samli yenye moto wa wastani, ukivigeuza, hadi viwe na rangi ya asali iliyokolea. Moto ukiwa mkali, nje huungua na ndani hubaki laini, na hapo tatizo la uji hurudi pale pale.

Shira ni ile tuliyozoea kwenye kaimati, ila iwe nyepesi zaidi: chemsha sukari na maji pamoja na iliki kwa dakika tano au sita, mpaka tone lililo kati ya vidole viwili linate kidogo bila kuvuta uzi. Wale wenye mazoea ya kukamulia shira ndimu ili isigande waiache safari hii, kwa kuwa ukali wake utayakata maziwa.

Panga mkate katika sufuria pana, umwagie shira ya moto, ugeuze vipande mara moja na usubiri dakika mbili. Kisha mimina maziwa pamoja na zafarani yake, uache kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika nane hivi. Usikoroge; tikisa sufuria tu, maana kijiko huvunja vipande. Epua kingali na rojo kiasi, kwa sababu mkate huendelea kunywa hata baada ya kuepuliwa. Nyunyizia lozi na korosho ulizozikaanga kidogo katika samli iliyobaki, ukile kikiwa vuguvugu, au kikiwa baridi siku ya pili, jambo ambalo wengi nyumbani kwetu hulipendelea.