Mpira wa kikapu wa kulipwa bila kupitia chuo cha Marekani: maelekezo kwa kijana wa Kigoma na wazazi wake

Asubuhi niko Kibirizi na dagaa, jioni niko uwanjani na vijana, na kote kuwili naulizwa jambo lile lile: "Kocha, huyu mtoto tutamfikishaje Marekani?" Kisha linatajwa jina la Hasheem Thabeet. Ni kweli, Hasheem alitoka Dar es Salaam, akachezea chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakamchukua wa pili katika drafti nzima, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Basi wazazi wanaamini hakuna mlango mwingine.

Ipo milango mingine, na waliopita humo wengine ni jirani zetu kabisa. Serge Ibaka wa Brazzaville na Bismack Biyombo wa Lubumbashi walipitia klabu za Hispania. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alihamia Marekani akiwa bado mdogo, lakini alipomaliza sekondari hakwenda chuo. Alijiunga na G League Ignite, timu iliyoundwa na NBA kuwalipa vijana mshahara, na mwaka 2021 akachukuliwa namba 7. Ulrich Chomche wa Kameruni alitoka kwenye akademi ya NBA iliyoko Senegal moja kwa moja hadi drafti ya 2024, namba 57. Ignite yenyewe usiitafute. Ilianza 2020, ikafungwa 2024.

Kabla ya kuchagua mlango, toa cheti cha kuzaliwa kabatini ukisome. Kila kitu kinaanzia kwenye umri. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya klabu, isipokuwa kwa sababu maalumu kama masomo au wazazi wenyewe kuhama. Drafti ya NBA inataka utimize angalau miaka 19 ndani ya mwaka huo, na sisi tusio Wamarekani tunaingia kwenye hesabu zao bila kujiandikisha mwaka tunaotimiza 22. Wasichana wana kanuni yao: kwa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, mchezaji wa nje anahesabiwa kuanzia mwaka anaotimiza 20. Kwa hiyo ukiambiwa klabu ya Ulaya inamsubiri mwanao wa miaka 16 wiki ijayo, hapo pana jambo.

Na tuache mchezo wa kupunguza umri. Najua unavyofanyika, sitaki kuueleza. Cheti cha RITA, fomu za shule, namba ya NIDA na pasipoti vinatakiwa viseme tarehe moja. Visipolingana, rekebisha sasa ukiwa hapa Kigoma, kwa utaratibu wa ofisi zenyewe. Ukija kuanza kuhangaika siku klabu inaomba nakala, umechelewa.

Sasa milango, nikianzia wa karibu. Cheza UMISSETA, ingia timu ya mkoa, na ukipata nafasi ya Taifa Cup usiikatae hata kama safari ni ya basi. Ukimaliza kidato cha nne au cha sita, lengo la kwanza liwe ligi ya Dar es Salaam, kwenye timu kama JKT, Savio au Vijana. Hapo ndipo makocha wa timu ya taifa wanapoangalia. Malipo hayatakutajirisha, lakini takwimu zako zitaandikwa mahali, na mchezaji asiye na takwimu ni hadithi tu.

Kisha tazama kaskazini kabla ya kutazama ng'ambo ya bahari. Ukivuka mpaka pale Manyovu, Bujumbura si mbali, na kikapu wanakijua vizuri. Kigali wana klabu kama APR, REG na Patriots, na uwanja wa ndani ambao ulipokea msimu wa kwanza wa ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2021. Ligi hiyo inaendeshwa na NBA pamoja na FIBA, na tangu 2022 ina mpango wa kuwaweka vijana wa akademi ya Senegal kwenye timu zake. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda, alicheza BAL akiwa bado kijana mdogo, baadaye akaenda chuo cha Duke, na mwaka 2025 akachukuliwa namba 10. Yaani kuanza Afrika hakukumfungia chuo.

Ulaya ndiko wengi wanakolipwa vizuri nje ya NBA. Luka Dončić alikulia Real Madrid, Victor Wembanyama alichezea klabu za Ufaransa hadi akawa wa kwanza katika drafti ya 2023. Australia nayo ina mpango wa Next Stars, ulioanza 2018, uliowapitisha LaMelo Ball na Alex Sarr. Mpango huo ni wa vijana ambao maskauti, yaani wasaka vipaji, wa NBA tayari wanawafahamu. Kama hawakufahamu, usiupotezee muda.

Chuo nacho usikitupe. Tangu Julai 2021 wanafunzi wachezaji wa Marekani wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina lao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Hizo pesa ndizo zilizoiua Ignite. Ila mgeni mwenye viza ya mwanafunzi anabanwa na masharti ya kazi, na mkataba wa kulipwa uliosaini mapema unaweza kukuletea maswali chuoni. Kama bado unakitaka chuo, ulizia hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Video ndiyo kazi unayoweza kuanza Jumamosi hii. Vijana wananiletea vipande vya dakika moja, dunki tupu na muziki juu. Mnunuzi wa dagaa mzoefu hatazami juu ya gunia. Anaingiza mkono hadi chini. Skauti ni hivyo hivyo, anataka mechi nzima. Mpe mwenzako simu asimame juu ya meza, usawa wa mstari wa katikati, simu ikiwa imelala. Jioni jua linashukia upande wa ziwa, kwa hiyo asimame mgongo ukielekea ziwani, la sivyo utaonekana kivuli. Wachezaji wote kumi wawe ndani ya picha, maana unavyorudi kukaba ukishapoteza mpira kunasema mengi kuliko kapu ulilofunga. Sema namba ya jezi yako mwanzoni. Ambatanisha urefu bila viatu, upana wa mikono, na chaki ukutani inapofika mkono ukiwa umesimama wima. Ukiongeza sentimita tano watazigundua siku ya kwanza.

Mwisho ni mawakala. Mama mmoja aliniletea ujumbe wa WhatsApp wenye nembo nzuri, "akademi" fulani ikimtaka atume milioni moja na nusu za "kufungua faili". Nilimwuliza jina la wakala, tukalitafuta kwenye orodha ya mawakala wenye leseni iliyo wazi kwenye tovuti ya FIBA. Halikuwepo. Mama akaifuta ile namba, akarudi sokoni. Wakala halali anakula kwenye mkataba ukishapatikana, hakuombi nauli.

Mkataba wenyewe ukija, mtafute mtu wa kukutafsiria kila ukurasa, hata kama ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya jirani. Angalia nani analipa nyumba na tiketi ya kurudi, nani anatibu goti likiumia, na mshahara unaingia tarehe ngapi. Halafu tafuta herufi BAT, ile baraza ya usuluhishi ya FIBA inayosikiliza kesi za wachezaji wasiolipwa na klabu. Kifungu hicho kisipokuwemo, mwambie wakala akiongeze kwanza, ndipo usaini.