Namna ya kuomba ruhusa ya kutumia kompyuta ya ofisini ukiwa mbali

Kompyuta uliyoiacha mezani ofisini Dodoma unaweza kuifanyia kazi ukiwa Kigoma, au ukiwa Tanga unamuuguza mzazi, mradi umepewa ruhusa na njia ya kuifikia ni salama. Ninayoieleza hapa inatumika katika taasisi nyingi: unaingia kwanza kwenye VPN ya ofisi, yaani njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa ofisi kupitia intaneti, kisha unafungua Remote Desktop ya Windows, huduma inayokuonyesha skrini ya kompyuta ya ofisini na kukuwezesha kuiendesha. Usikubali fundi akurahisishie kwa kuiruka VPN. Remote Desktop hutumia mlango namba 3389, na ukiachwa wazi kwenye intaneti kuna programu zinazoutafuta usiku na mchana na kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu uliopewa jina la BlueKeep, ambao ulimwezesha mvamizi kuingia bila nywila yoyote. Ulikuwa wa hatari kiasi kwamba kampuni hiyo ilitoa sasisho la usalama hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia.

Anza na msimamizi wako wa kazi. Wengi humfuata afisa TEHAMA wanayefahamiana naye, wakaunganishiwa kirafiki, na kazi zikaenda. Siku taarifa za wateja zikivuja, hakuna hata karatasi moja inayoonyesha nani aliruhusu nini, na lawama zote zinamwangukia mtumishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo andika barua kwa mkuu wa taasisi kupitia kwa mkuu wa idara yako, nakala iende kitengo cha TEHAMA. Kama ofisi yenu ina fomu, jaza fomu. Kama haina, maneno haya yanatosha:

YAH: OMBI LA KUTUMIA KOMPYUTA YA OFISI NIKIWA NJE YA KITUO CHA KAZI

Husika na mada tajwa hapo juu. Ninaomba ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta ninayoitumia ofisini, yenye namba ya mali (andika namba), kupitia VPN ya ofisi, kuanzia tarehe (andika) hadi tarehe (andika). Nitaitumia kukamilisha (taja kazi), na mifumo nitakayohitaji ni (itaje). Nitaunganisha kwa kompyuta mpakato niliyokabidhiwa na ofisi. Ninaomba kuwasilisha.

Tarehe ya mwisho usiisahau, hata kama hakuna aliyekuuliza. Mwishoni mwa Aprili 2021 wavamizi waliingia katika mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta nchini Marekani, kwa kutumia akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, na haikuwa na uthibitisho wa pili zaidi ya nywila. Mei kampuni ilisimamisha bomba, na sehemu za mashariki ya nchi hiyo zikapata uhaba wa mafuta.

Kwa walioko Tanzania kuna jambo la kuuliza kabla ya kwenda mbele. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN wawasilishe taarifa za VPN hizo, ikiwamo anwani ya IP, ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Muulize afisa TEHAMA kama VPN ya ofisi ilikwisha kusajiliwa. VPN ya bure uliyojipakulia kwenye simu haihusiani na kazi hii: haikufikishi ofisini, na mwenye nayo humjui.

Ruhusa ikitoka, maandalizi yafanyike ukiwa bado ofisini. Kompyuta ya ofisini lazima iwe na Windows Pro au Enterprise, kwa sababu toleo la Home haliwezi kupokea Remote Desktop. Ile utakayosafiri nayo inaweza kuwa na toleo lolote. Afisa TEHAMA aiwashe huduma hiyo na aliingize jina lako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Andika mahali jina la kompyuta. Kisha izuie isilale, maana ikilala haitakuitikia. Skrini inaweza kuzimika bila shida. Umeme ukikatika je? Omba iunganishwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme kwa muda, na umwombe mwenzako mmoja unayemwamini awe tayari kuiwasha. Kuiwasha tu. Nywila yako usimwachie.

Uthibitisho wa hatua mbili utawekwa kwenye simu yako, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Septemba 2022 mvamizi aliyekuwa na nywila ya mfanyakazi wa mkataba wa Uber alimtumia maombi ya uthibitisho mfululizo, hadi mwishowe mfanyakazi huyo akalikubali moja. Simu ikikuuliza kama unaingia wakati hujagusa kompyuta, kataa, badilisha nywila, na upige simu TEHAMA saa hiyo hiyo.

Jaribu kabla ya safari. Ondoka kwenye Wi-Fi ya ofisi, washa intaneti ya simu yako, unganisha VPN, fungua Remote Desktop, andika jina la kompyuta, kisha jina lako la mtumiaji na nywila. Likitokea onyo kuhusu cheti cha usalama, mwonyeshe afisa TEHAMA kabla ya kubonyeza kukubali. Zima pia sehemu inayounganisha diski za kompyuta yako na ile ya ofisi, ili mafaili ya kazi yasihame bila wewe kukusudia.

Ukiwa safarini, kosa linalowasumbua wengi ni kubonyeza Shut down baada ya kazi. Kompyuta ya ofisini inazimika kweli, na huwezi kuiwasha kutoka Kigoma. Chagua Sign out. Mtandao ukikatika katikati ya kazi usiogope, programu zako zinabaki wazi kule ofisini na utazikuta ukiunganisha tena. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, basi kazi yenye tarehe ya kuwasilisha usiingoje dakika ya mwisho. Kompyuta za kafe za intaneti usizitumie kabisa kwa kazi hii.

Ukirudi kituoni kabla ya tarehe uliyoomba, mwandikie afisa TEHAMA afunge ruhusa siku hiyo hiyo, na akuthibitishie kwa barua pepe kwamba ameifunga.