Emoji za maandishi ya Kijapani: jua unaandika nini kabla hujaziweka kwa stetasi

Binamu yangu anauza mitumba hapa Kisumu, pale Kibuye, na juzi akaweka picha ya jaketi kwa stetasi na chini yake 🈲🈲🈲, nyekundu, imewaka vizuri. Nikamuuliza unajua umesema nini, akaniambia si ni ya ofa? Wapi. Hiyo inasema MARUFUKU.

Hizi emoji za miraba na duara si mapambo, ni vibao, yaani vile vya dukani, hotelini na ofisini kule Japani, kwa sababu emoji zenyewe zilianzia kwa simu za Wajapani halafu Unicode, ule mpangilio wa herufi ambao simu na kompyuta zote hutumia, ikaziingiza mwaka wa 2010, ndio hadi leo ziko kwa kibodi yako hata kama hujawahi kuvuka Busia. Hata jina ni lao, e ni picha, moji ni herufi. Kwa hivyo zisome kama kibao.

Yenye binamu alikuwa anatafuta ni 🈹, bei imepunguzwa. Iko pia 🉐, ya duara, hiyo ni ukinunua umepata faida. Ukitaka kusema duka limefunguliwa na kazi inaendelea, weka 🈺.

Sasa hapa ndipo watu huchanganya. 🈶 maana yake "iko" na 🈚 maana yake "hakuna", na kinachozungumziwa ni malipo, so 🈶 inalipiwa, 🈚 ni ya bure. Ukipeleka mzigo Kondele bila kulipisha, weka 🈚. Ukikosea uweke ile nyingine mteja anayejua atakuuliza mbona unalipisha na umesema bure.

Wenye ploti nao wana zao mbili, 🈳 kuna nafasi, 🈵 imejaa. Mimi nakumbuka ya pili kwa vile mistari yake imebanana kama abiria wa matatu ya Kakamega saa kumi na mbili jioni. Usitegemee rangi, simu moja na nyingine hazifanani. Kwa grupu la wapangaji kuna 🈷️ pia, ya kiasi cha kila mwezi, hiyo ni ya kodi kabisa.

🈁 ni "hapa", itume pamoja na lokesheni. Inasomwa koko, na haina uhusiano na mbwa. 🈴 ni umepita mtihani, ㊗️ ni hongera, ㊙️ ni siri (ukiiweka kwa grupu la watu mia mbili shauri yako). 🉑 ni sawa, inakubalika. 🈂️ ni huduma, sijawahi kuona kazi yake. Na 🈸 ni maombi, lakini maombi ya kujaza fomu, tafadhali msiiweke kwa grupu la kanisa!

Kuna zingine hazina herufi ila ni za huko huko. 💮 ni ua la mwalimu, ule muhuri wa "umefanya vizuri" kwa daftari la mtoto. 🔰 hubandikwa kwa gari la mtu amepata leseni juzi tu. Na hii ♨️ watu wa Nakuru wanaweka kwa chai ya moto, mimi sikatai, lakini kwa Wajapani ni chemchemi ya maji moto ya kuoga, so afadhali uiweke siku umeenda kuona zile za Bogoria, ingawa za Bogoria usijaribu kuoga, zinachemsha yai.

Ukikutana na usiyoijua, ikopi uibandike kwa Google, jina lake litatokea. Ama fungua sehemu ya kutafuta emoji kwa kibodi uandike "Japanese", nyingi zitatokea.

Na andika neno kando yake, maana wateja wetu wengi hawasomi hizo. Binamu sasa ameweka jaketi na 🈹 moja tu, chini yake: "bei imeshuka, kujeni kabla mvua."