Jina la mchoraji limejificha ukurasa wa haki

Ukijifunza kuchora na unatafuta wachoraji wa kukuchangamsha, usianze na simu. Pita kwa wauza vitabu vilivyotumika hapa Kisumu, au ingia maktaba ya taifa, uende moja kwa moja kwenye rafu ya watoto. Fungua ukurasa wa haki za kunakili, ule tunaouruka sote. Mara nyingi jina la mchoraji liko hapo, kwa herufi ndogo. (Wachapishaji wengine hawaliandiki kabisa, aibu yao.) Liandike mahali, ndipo sasa uchukue simu.

Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure, kwa Kiswahili na hata Lubukusu, lugha ya Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, na wachoraji wanatajwa. Fuata jina moja kwenye vitabu vitatu vinne. Tazama mikono hasa: kuna anayemaliza vidole vyote, na kuna anayeficha kiganja nyuma ya kikapu kila mara! Mimi humpenda anayeweza kumchora mama aliyechutama mbele ya jiko, uzito wote kwenye nyayo, kwa mistari michache tu. Ukimpata wa hivyo, nakili ukurasa wake mmoja kwa penseli, ukikadiria vipimo kwa jicho.